Mshale wa Geji na Milima ya Kasese

Muuzaji wa pikipiki kuukuu pale Bwera, wilayani Kasese magharibi mwa Uganda, atakuambia mambo mawili kabla hujauliza: kwamba injini haijafunguliwa tangu itoke dukani, na kwamba mwenyewe anauza kwa sababu ya ada ya shule. La pili huenda likawa kweli. La kwanza linataka kupimwa, na mita ya kilomita haiwezi kulipima. Waya wa mita hukatika mapema katika barabara za mawe, na ukishakatika wengi hawaurudishi. Hata ungekuwa mzima, kilomita elfu moja za kupanda Kyarumba na Kyondo na mifuko ya kahawa nyuma haziwezi kuwekwa kundi moja na kilomita elfu moja za kubeba abiria mjini Kasese, ambako lami ni tambarare. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili huacha mita, akaomba plagi ifunguliwe apime kompresheni.

Injini ya pikipiki ya mipigo minne, kama Bajaj Boxer au TVS zinazojaa wilaya hii, huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huugandamiza hadi ubaki kama sehemu moja ya tisa ya ujazo wake, kisha plagi huuwasha. Kugandamiza huko ndiko kunakozaa nguvu. Pistoni ina ringi tatu: mbili za juu huzuia hewa isipite kati yake na ukuta wa silinda, ya tatu hukwangua oili. Juu kuna valvu mbili zinazopaswa kukaa kwenye viti vyake bila mwanya, na kati ya hedi na silinda kuna gasketi. Hewa ikigandamizwa ina njia hizo tatu tu za kutorokea: ringi, valvu, gasketi. Geji inayofungwa mahali pa plagi hupima kilichobaki baada ya wizi huo, bila kumtaja mwizi.

Watu wengi humaliza kazi hii kwa mguu. Unakanyaga kiki polepole, unasikiliza inavyokataa, na ikikubeba kidogo kabla ya kuteremka unasema injini bado inashika. Sipuuzi mguu wa fundi mzoefu. Aliyekanyaga mamia ya Boxer anajua mengi. Lakini mguu hupima papo hapo tu na hauandiki popote. Tena muuzaji mjanja anajua dawa yake: oili nzito kidogo, injini iachwe ipoe, na kiki itakuwa ngumu kama ya pikipiki mpya.

Geji nayo ina kasoro inayoiumiza pikipiki kuliko chombo kingine chochote. Wenye vyombo vya kuteleza juu ya theluji huko Kanada na Marekani hupima injini zao kabla ya msimu wa baridi, na nyingi ni za mipigo miwili zenye silinda mbili. Kwao namba yenyewe si hoja kubwa. Wanalinganisha silinda ya kushoto na ya kulia, na zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia kumi hivi, wanajua upande mmoja una ugonjwa. Geji ikiwa mbovu, imekuwa mbovu kwa silinda zote mbili, na ulinganisho unabaki sahihi. Kasese theluji tunaitazama kwa mbali tu, juu ya kilele cha Margherita kwenye mita 5,109, na chombo chetu kina silinda moja isiyo na ndugu wa kulinganishwa naye. Kwa hiyo namba ya Boxer hukaa peke yake, na namba iliyokaa peke yake hudanganya kwa njia nyingi.

Njia ya kwanza ni mwinuko wa nchi. Vitabu vya watengenezaji na jedwali za mtandaoni huandikwa kana kwamba kila mtu anaishi ufukweni. Kwa pikipiki ndogo nyingi zenye afya utaambiwa utegemee takriban pauni 130 hadi 180 kwa inchi ya mraba. Lakini injini hugandamiza hewa iliyopo, na hewa ya huku ni nyepesi. Uwanja wa ndege wa Kasese uko mita 959 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa katika kimo hicho ni pungufu ya lile la pwani kwa karibu asilimia 11. Injini inayosoma 160 Mombasa itasoma kama 143 ikifikishwa Kasese, bila ringi kuchakaa hata chembe. Ipeleke Butembo ng'ambo ya mpaka, Kongo, karibu mita 1,700, itashuka hadi 130 hivi. Mnunuzi wa Butembo aliyeshika jedwali la pwani ataikataa pikipiki nzima, au fundi atamuuzia ringi asizozihitaji. Hilo la pili nadhani hutokea mara nyingi zaidi.

Mwinuko huo huo huleta malalamiko mengine yanayofanana na kompresheni mbovu. Kadiri unavyopanda, kabureta huendelea kumwaga petroli karibu ile ile huku hewa ikipungua, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inakuwa nyeusi kama mkaa, na pikipiki inachoka mlimani. Dereva anarudi akisema haina nguvu. Fundi asiyepima anafungua silinda. Angetazama plagi kwanza, na jeti ya kabureta, na kichujio cha hewa kilichoziba vumbi, pengine silinda ingebaki imefungwa.

Njia ya pili ya kudanganywa ni geji yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona likisemwa vya kutosha. Geji nyingi zinazouzwa zilikusudiwa magari. Zina mpira mrefu kati ya uzi wa plagi na saa. Kama kivalvu kinachozuia hewa isirudi kiko mwisho wa mpira upande wa saa, basi ujazo wote wa mpira unahesabiwa kuwa sehemu ya chumba cha kuunguzia. Kwa injini ya gari hilo ni dogo. Kwa Boxer ya sentimita za ujazo 100, tuseme yenye uwiano wa 9 kwa 1, chumba kile juu ya pistoni kina kama sentimita za ujazo 12 na nusu tu. Mpira ukiongeza 4, uwiano unaanguka hadi 7 kwa 1, na geji inaonyesha injini iliyochoka ambayo haijachoka. Chagua geji yenye kivalvu kule chini, kwenye uzi unaoingia mahali pa plagi. Na kama hiyo haipatikani, tumia geji ile ile siku zote, wala usilinganishe namba yako na ya fundi wa kituo kingine.

Upimaji wenyewe si mgumu, ila hauvumilii haraka. Injini iwashwe hadi ipate joto la kazi, kwa sababu pistoni ya alumini hutanuka kuliko silinda na mwanya wake wa baridi si ule wa moto. Safisha kando ya plagi kabla ya kuifungua, la sivyo mchanga unaingia ndani na wewe ndiye unayeua injini. Waya wa plagi uunganishwe na chuma cha injini, plagi ikiwa ndani ya kofia yake, ili umeme upate pa kwenda na mvuke wa petroli usiwake. Kisha jambo linalosahauliwa kuliko yote: resi ifunguliwe hadi mwisho na ishikwe hapo. Resi ikiwa imefungwa, injini haipati hewa ya kugandamiza, na hata pikipiki mpya itaonekana mgonjwa. Piga kiki kwa nguvu moja, mara tano, sita, saba, hadi mshale usipande tena. Tazama pia unavyopanda. Ukiruka juu kwa kiki ya kwanza na kukaribia mwisho, chumba kinaziba vizuri. Ukianza chini na kupanda kidogo kidogo kila kiki, mara nyingi ringi zinavuja lakini bado zinajitahidi. Ukikaa chini na kugoma pale pale, shuku valvu.

Fundi atakapopata namba ndogo, hatua ya pili inajulikana na wengi: mimina oili kiasi cha kijiko cha chai kupitia tundu la plagi, zungusha injini taratibu isambae, pima tena. Oili huziba kati ya ringi na ukuta. Namba ikipanda sana, ugonjwa uko kwenye ringi au silinda. Isipopanda, uko juu, kwenye valvu au gasketi. Kipimo hiki ni kizuri na hakigharimu kitu. Hata hivyo katika silinda ndogo namna hii oili nyingi hujaza chumba chenyewe na kupandisha namba kwa sababu ya ujazo tu, kwa hesabu ile ile ya mpira wa geji ikigeuzwa kichwa chini. Kijiko kiwe kimoja.

Kabla hata ya kijiko, kuna kazi ya dakika chache inayopaswa kutangulia, nayo ni kupima nafasi ya valvu. Katika injini hizi nafasi hiyo ni nyembamba, mara nyingi kati ya milimita 0.05 na 0.10 kufuatana na aina, na viti vya valvu vinapolika, valvu hupanda na nafasi huisha. Valvu isiyokuwa na nafasi haifungi kabisa injini ikipata moto. Pikipiki inawaka vizuri asubuhi, inagoma mchana baada ya kupanda Mahango na abiria wawili, kisha inawaka tena ikipoa. Dereva anadhani ni plagi, ananunua plagi ya tatu. Kurekebisha skrubu na nati kunaweza kurudisha kompresheni yote iliyopotea, mradi valvu haijaungua. Ningekuwa na uwezo wa kuweka sharti moja katika vibanda vya mafundi vya Kasese, lingekuwa hili: hakuna kufungua silinda kabla ya kupima nafasi ya valvu.

Uvujaji unaweza pia kusikika kwa sikio, na vifaa vyake viko kwa mziba pancha. Chukua plagi ya zamani, toa kaure yake, chomelea kidomo cha tyubu. Ifunge mahali pa plagi, weka pistoni juu kabisa katika mpigo wa kugandamiza, valvu zote zikiwa zimefungwa, kisha ingiza upepo wa kompresa kidogo kidogo. Mguu na mkono viwe mbali na kiki, na gurudumu la nyuma lisiguse chini, maana upepo unaweza kuizungusha injini ghafla. Hewa ikitoka kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi inavuja. Ikipulizia kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, inapita ringi. Hewa kidogo hupita ringi hata za injini mpya, kwa hiyo kinachosakwa ni mvumo, mluzi mdogo usikutishe. Njia hii inamtaja mwizi kwa jina, na naiona bora kuliko geji peke yake.

Kwa injini za mipigo miwili, kama Yamaha AG100 za kale walizopewa watumishi wa miradi na wamisionari, mambo hubadilika. Hazina valvu za kurekebisha, ringi hupita juu ya madirisha ya silinda, na sili za krenki zikivuja injini hudhoofika ilhali geji inasoma vizuri. Zimebaki chache, tuziache.

Sasa, ni nini hasa kinachokula kompresheni katika nchi hii? Vumbi kwanza. Ukitoka kwenye lami ya Kikorongo hadi Mpondwe na kuingia barabara za milimani, unaingia udongo mwekundu wenye chembe za mchanga mgumu, na kuelekea Hima unaongezeka unga wa chokaa na saruji wa malori. Kichujio cha hewa kilichotoboka, au kilichotolewa kabisa ili pikipiki ipumue, hugeuza silinda kuwa kinu. Mchanga ukichanganyika na oili unasugua ringi na ukuta usiku na mchana. Nimeona madereva wanaobadilisha oili kwa nidhamu lakini hawajui kichujio kiko upande gani. Kichujio cha bei ndogo kuliko chupa ya oili kingewaokoa.

Pili ni oili. Injini hizi hubeba oili karibu lita moja tu, na oili hiyo hulainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Ikipungua robo, kila tone lililobaki linafanya kazi ya ziada mlimani, kwa gia ya kwanza, injini ikizunguka kwa kasi na upepo wa kuipoza ukiwa mdogo. Hapo ndipo ringi hupoteza mkazo wake na silinda hupata mikwaruzo ya wima inayoonekana hata kwa macho.

Maji nayo yana historia yake. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulibeba mawe na tope kutoka bonde la Kilembe hadi mjini. Pikipiki zilizozama katika mafuriko ya namna hiyo husafishwa, huwashwa, huuzwa. Tope jembamba likibaki kwenye njia za oili linaendelea na kazi kimya kimya. Na kama injini ilizungushwa ikiwa na maji juu ya pistoni, maji hayagandamiziki. Konrodi hupinda kidogo. Pistoni haifiki tena juu kama zamani, uwiano unapungua, na geji inasoma chini hata baada ya ringi mpya na valvu mpya. Fundi anayekutana na namba isiyotibika aulize kama chombo kiliwahi kuogelea.

Milima hata hivyo inatoa kipimo kimoja cha bure ambacho mtu wa nchi tambarare hana. Shuka na pikipiki kutoka juu, resi ikiwa imefungwa, gia ikiwa imeingia, injini ikishikilia. Ukifika chini fungua resi, na mwenzako aliye nyuma atazame ekzosi. Wingu la moshi wa bluu linalotoka mara moja na kuisha linaelekeza kwenye sili za valvu: mvuto mkubwa wakati wa kushuka umenyonya oili kupitia kwenye shina. Moshi wa bluu usiokoma wakati wa kupanda na mzigo unaelekeza kwenye ringi. Sili ni kazi ndogo. Ringi ni kazi ya kutoa silinda.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba injini mbovu inaweza kusoma vizuri. Inayokula oili hujenga utando wa masizi juu ya pistoni na kwenye hedi. Masizi hupunguza ujazo wa chumba na kupandisha uwiano, na oili iliyojaa kwenye ringi huziba kama kile kijiko cha fundi. Geji inasema 150, dereva anafurahi, huku anaongeza oili kila baada ya siku chache. Kwa hiyo namba kubwa kwenye injini yenye umri isipokelewe kwa shangwe kabla ya kutazama plagi, moshi na kiwango cha oili.

Ikithibitika kuwa ringi zimeisha, bado swali la silinda lipo. Desturi ya vibanda vingi ni kubadilisha ringi peke yake, kwa sababu ndizo rahisi. Zikiwekwa kwenye silinda iliyolika kuwa ya mviringo usio kamili, zitagusa huku na kuacha kule, na baada ya miezi michache mwenye chombo anarudi. Kuna kipimo rahisi: ingiza ringi mpya peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha pima mwanya kati ya ncha zake mbili, sehemu ya juu na sehemu ya chini. Mwanya ukiwa mkubwa juu kuliko chini, ukuta umelika pale ringi zinapofanya kazi zaidi. Hapo dawa ni kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi, ambazo kwa kawaida huongezeka kwa robo milimita kila hatua, au kununua seti ya silinda na pistoni yake. Seti za bei ya chini zimejaa sokoni na zinamvutia kila mtu. Ningependelea kuchonga silinda ya asili kwa fundi mwenye mashine nzuri, pale anapopatikana, kuliko seti mpya ambayo chuma chake ni laini.

Nani analipa? Dereva wa chombo cha kukodi hulipa hesabu ya tajiri kila siku au kila wiki, na hana sababu ya kutumia fedha kwenye injini isiyo yake mpaka igome. Tajiri haioni pikipiki mpaka imwishie nguvu. Katikati ya hao wawili kompresheni inashuka bila shahidi. Mwenye kununua kwa mkopo yuko afadhali, kwa kuwa chombo kitakuwa chake, ila siku anapomaliza kulipa ndiyo siku injini inapodai ringi. Kwa wote hao daftari la shilingi chache lina faida kuliko geji ya bei kubwa: pima pikipiki ikiwa bado nzuri, andika namba, tarehe, geji iliyotumika na mahali. Rudia kila baada ya kubadilisha oili mara kadhaa. Silinda isiyo na ndugu inapata ndugu wake katika namba yake ya mwaka jana. Ikishuka kutoka 143 hadi 136, endelea na kazi. Ikianguka hadi 115 kwa geji ile ile na mahali pale pale, panga fedha kabla haijakuachia njiani Ihandiro.

Soko la mpakani halina daftari hilo. Tangu Juni 2021, Rais Museveni wa Uganda na Rais Tshisekedi wa Kongo walipozindua pale Mpondwe, mpakani, mradi wa barabara za Kongo, kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo, njia ya pikipiki kuukuu kuvuka mto Lhubiriha imekuwa na maana zaidi kwa wafanyabiashara wa pande zote mbili. Chombo kilichochoka upande mmoja hupata bwana mpya upande wa pili, ambaye hajui historia yake na huenda atakipandisha kwenye hewa nyepesi zaidi. Anayenunua pale afike asubuhi kabla injini haijawashwa, aiguse: ikiwa ya moto, imetayarishwa kwa ajili yake. Aombe iwashwe ikiwa baridi, atazame moshi wa kwanza. Aizungushe mpaka ipate joto, afungue kifuniko cha oili na kuweka kiganja juu ya tundu, ahisi kama linapumua kwa nguvu. Halafu plagi, geji, resi wazi, kiki saba, kijiko cha oili, geji tena. Na kompresheni ikiwa nzuri, bado hajapima beringi kubwa ya konrodi inayogonga chini, gia ya tatu inayoruka, wala fremu iliyochomelewa chini ya tangi mahali ambapo rangi ni mpya kuliko kwingine.